Nilivyokwama kwenye Dirisha la Bafu Nililolichora Mwenyewe

Leo nimepatikana, jamani. Nimepatikana mchana kweupe, mbele ya mama mkwe, na kosa ni la kwangu mwenyewe. Nililichora kwa mkono wangu huu.

Kwa wasionijua, mimi nachora ramani za nyumba hapa Korogwe. Watu wananiita injinia, ingawa mimi ni msanifu majengo (nilishachoka kuwasahihisha, na kuanzia leo sina hata uso wa kumsahihisha mtu). Kazi ninayoipenda ni moja: nyumba za mjini ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzijenga bila kuuza shamba la babu yake. Udongo unachimbwa hapo hapo kiwanjani, unachanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwenye mashine ya mkono, tofali linaanikwa kivulini. Hakuna tanuri, hakuna mti unaokatwa. Juu bati, gata pande zote, na nyuma ya nyumba tanki la maji ya mvua. Mimi nimekulia Handeni. Mtu aliyekulia Handeni hawezi kuangalia maji ya mvua yanapotea chini halafu akanyamaza.

Sasa, kule Handeni kwetu walishanikatalia. Niliita watu wa mtaa, nikawaonyesha tofali langu, mzee mmoja akalishika, akaligeuza, akaniuliza: "Sisi tunahangaika kutoka kwenye tope, wewe unaturudisha kwenye tope?" Mkutano ukaishia hapo. Nilirudi Korogwe na tofali langu kwapani.

Kwa hiyo tumaini lililobaki lilikuwa hapa. Kuna kikundi cha akina mama wenye viwanja upande wa Ngombezi. Wengi wamekulia kwenye zile kambi za mkonge, vyumba vya mstari mmoja, ukikohoa huku jirani anakupa pole kule. Waliniruhusu nijenge nyumba moja ya mfano. Leo ndiyo walikuwa wanakuja kuiona na kuamua. Wakikubali, wote wanajenga kwa ramani yangu. Wakikataa, kikundi kinavunjika, kila mtu anashika njia yake, na wale wasioweza tofali la saruji wanaendelea kupanga mpaka Mungu atakapowachukua.

Na kati ya hao wasioweza yumo mama mkwe wangu, Bi Zaina.

Hapa lazima nieleze kidogo. Mimi Mzigua, mke wangu ni Msambaa wa Mashewa, na huko ukweni kwangu heshima ya mkwe haina mzaha. Mama mkwe na mkwewe hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Akiwa na neno na mimi, analipitisha kwa binti yake. Kuhamia kwangu ndiyo haiwezekani kabisa. Ndiyo maana tangu alipofiwa na mume na kuondoka Mashewa, amepanga chumba karibu na stendi. Bati linavuja, choo wanagawana wapangaji wote. Mama wa umri ule kupanga foleni ya choo na vijana wa bodaboda inaniuma, na mke wangu inamuuma mara mbili.

Sasa tuje kwenye ramani. Ili nyumba iwe nafuu, nilipunguza. Nikaondoa korido. Nikaondoa mlango wa nyuma. Vyumba viwili vya kulala, bafu, vyote vinafungukia sebuleni, na sebule ina mlango mmoja wa kutokea nje, kwenye baraza ya mbele yenye nguzo. Nilijisifu sana. Nilisimama mbele ya kikundi nikasema: "Korido ni chumba ambacho hakuna anayelala!" Akina mama wakapiga makofi. Bi Zaina, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa amenigeuzia bega, hakupiga.

Jioni yake mke wangu akaniletea ujumbe. "Mama anauliza, wageni wakiwa sebuleni, mtu anayetoka kuoga anapita wapi?"

Nikajibu: "Mwambie mama, mstaarabu anavaa kabla ya kutoka."

(Najua. Najua! Msinikumbushe.)

Basi, leo asubuhi mke wangu, Mama Zuhura, amenipigia pasi shati jeupe na suruali ya kitambaa. Akaniambia huku akinifunga kifungo cha shingo: "Baba Zuhura, leo usibishane na mtu. Mama yangu anahitaji nyumba."

"Sibishani."

"Wakiuliza tena habari ya mlango wa nyuma?"

"Mlango wa nyuma ni mbao, ni bawaba, ni kitasa, ni ukuta kukatwa…"

"Umeanza."

Tukakubaliana: mimi natangulia kuweka mambo sawa, yeye anabaki kupika pilau, akina mama wanafika baada ya sala ya adhuhuri.

Nimefika kiwanjani, nyumba inapendeza mpaka nikaizunguka tena kwa raha tu. Mke wangu alikuwa ametundika kanga kwenye dirisha la chumbani iwe kama pazia. Nikapanga viti vya kuazima sebuleni, simu nikaiweka kwenye dirisha la hapo hapo. Nikatoka nyuma kukagua tanki. Hapo ndipo nilipoona tone. Kwenye maungio ya gata, tone! Na usiku mvua ilinyesha, kwa hiyo lile tone lilikuwa halikati. Nikajisemea, akina mama wakiliona hili watasema nyumba inavuja kabla hata haijakaliwa. Ngazi ya mafundi ilikuwepo. Nikapanda na shati langu jeupe.

Gata nililikaza vizuri sana, naomba hilo lieleweke. Tatizo lilikuja kwenye kushuka. Chini ya ngazi kuna lile shimo tulilokuwa tunachanganyia udongo, na mvua ya usiku ilikuwa imelijaza. Ngazi ikateleza, mimi huyo. Nimeingia mgongo kwanza. Nilipoinuka nilikuwa mwekundu kuanzia kisogoni mpaka kwenye soksi.

Nikaangalia jua. Kali. Adhuhuri bado. Nikafikiri haraka, na wazo nililolipata nililiona la maana: nyumba ina bafu, tanki lina maji, sabuni ya mche ipo, kwa nini nisioge na kufua hapa hapa? Nikachota ndoo, nikachukua ile kanga ya dirishani, nikaingia bafuni. Kwa kweli nilijisikia vizuri. Mtu wa kwanza kuoga kwenye nyumba yangu mwenyewe! Nikafua shati, nikafua suruali, mpaka chupi nikafua. Nikajifunga kanga, nikatoka mbio, nikazianika zote kwenye mbao za kichanja cha tanki, pale pale nyuma ya bafu. Nikarudi ndani kumalizia tope la kichwani. Nikafunga komeo.

Nimeshapaka sabuni kichwa kizima ndipo nikasikia: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Nikaganda na kopo mkononi.

"Mlango uko wazi, tuingieni tu." Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Hidaya, mwenyekiti wa kikundi. Mama Hidaya ni mtu wa kuwahi. Anawahi msibani, anawahi harusini, kumbe na kwenye nyumba za watu. Nikasikia kandambili zinaingia sebuleni, jozi baada ya jozi. Viti vikaburuzwa. Halafu sauti ya chini, ya taratibu, ikasema, "Bismillah." Bi Zaina.

Kutoka kwenye kopo langu mpaka kwenye goti la mama mkwe wangu palikuwa na ubao wa mlango tu.

Najua mnachosema. Si ungepaza sauti tu? "Jamani naoga, naomba mtoke nje kidogo." Rahisi kusema ukiwa umevaa! Kwanza, ningekuwa namtangazia mama mkwe kwamba mkwewe yuko uchi hatua mbili kutoka alipokaa. Pili, ningekuwa nimejibu lile swali lake mbele ya kikundi kizima, siku ya kuamua. Ningetoka na kanga ya mke wangu kiunoni, nipite katikati ya viti vyao, niseme nini? Karibuni kwenye nyumba isiyo na korido? Nikaamua kunyamaza. Nilijua watachoka, watatoka kuangalia nje, na mimi nitachomoka.

Simu yangu ikaita pale sebuleni.

"Simu ya injinia hii," Mama Hidaya akasema. Akapokea. "Halo, Mama Zuhura! Ndiyo, tumeshafika, tumewahi. Hayupo. Simu kaiacha, mwenyewe hayupo. Sisi tunamsubiri humu humu, kuna ubaridi mzuri."

Mnasikia? Ubaridi! Walianza kuisifu nyumba. Mmoja akagonga ukuta kwa vidole, akasema ni mgumu. Mwingine akasema ingekuwa tofali la saruji saa hizi wangekuwa wanajipepea. Nilikuwa nimesimama uchi, sabuni inanichoma macho, naogopa hata kujimwagia maji wasisikie, na bado nikawa nafurahi. Nikasema moyoni, tumeshinda, tumeshinda, nyamaza tu.

Ndipo Mama Hidaya akasema: "Bi Zaina, wewe kila mkutano umekaa kimya. Leo mkweo hayupo. Sema la moyoni."

Nikabandika sikio kwenye ubao wa mlango.

"Nitasema, kwa kuwa mwenyewe hayupo," Bi Zaina akaanza. Katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumsikia akisema maneno mengi mfululizo. "Yule kijana ana akili. Udongo wake sina neno nao. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya udongo, nimezalia humo, na mume wangu amefia humo. Lakini nyumba hii ina mlango mmoja. Binti yangu atakuja na mumewe kunisalimu. Mkwe wangu amekaa hapo kwenye kiti, mimi natoka kuoga. Nipite wapi? Nimruke?"

Akina mama wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nimemwagiza binti yangu amuulize. Nikajibiwa nivae kabla ya kutoka."

(Mama Zuhura! Ulimpelekea hivyo hivyo? Si ungepunguza makali?)

"Nguo zangu nizivalie kwenye majimaji, na magoti haya," akaendelea. "Na kubishana na mkwe siwezi, haipendezi. Kwa hiyo nikiulizwa leo nitajitoa tu. Nitabaki chumbani kwangu kule stendi. Kunavuja, lakini mlango wa uani upo, natoka na kuingia na heshima yangu."

Jamani, hapo niliumia. Uchi niliusahau kabisa. Mama yule alikuwa anaulizia heshima yake, mimi nikamjibu mambo ya ustaarabu. Na nyumba niliyoihangaikia mimi na mke wangu kwa ajili yake, yeye anaona bora alale chini ya bati linalovuja.

Mama mmoja akasema, "Bi Zaina akijitoa, na mimi sijui." Mwingine akasema, "Hata mimi." Nikaisikia Handeni ikinirudia, hivi hivi, nikiwa na povu kichwani.

Halafu nikasikia kandambili moja moja, taratibu, zinaelekea mlangoni. Zile zinazoburuzwa kidogo. Za Bi Zaina. Zikatoka nje.

Anaondoka! Ikanijia hivyo tu kichwani: anaondoka, akifika barabarani anapanda bodaboda, yamekwisha. Nilitakiwa nimwahi. Nivae, nizunguke, niingie kwa mlango wa mbele kama mtu mwenye akili zake, niseme mlango wa nyuma utakuwepo. Na nguo ziko pale nyuma, naziona kabisa kupitia dirishani.

Dirisha la bafu lenyewe liko juu, dogo (nilipunguza na hapo pia, mbao ni ghali). Nondo zilikuwa bado hazijawekwa. Nikajifunga kanga vizuri, nikageuza ndoo, nikapanda juu yake, nikatoa mkono mmoja, nikatoa kichwa, nikatoa mkono wa pili. Kifua kikapita. Nikajisukuma kwa vidole vya miguu. Ndoo ikapinduka na kubingirika kwa kelele ambazo sijui ndoo moja inazitoa wapi. Nikabaki nikining'inia.

Tumbo halikupita. Nilijaribu mbele, limegoma. Nilijaribu kurudi nyuma, mabega yamegoma. Mimi si mnene! Nina kitambi cha kawaida tu, cha mtu aliyeoa vizuri.

Nikainua uso nijifute povu.

Bi Zaina alikuwa amesimama pale, karibu na tanki. Hakuwa ameondoka. Alikuwa amezunguka nyuma kutazama mlango ungeweza kukaa wapi, na hata alikuwa ameshaweka mkono ukutani kupima. Tukaangaliana. Mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, tumeangaliana macho kwa macho, na mimi niko nusu nje ya ukuta, kifua wazi, sabuni inatiririka sikioni.

Nilichofanya mtanisamehe. Ndivyo nilivyolelewa.

"Shikamoo mama."

Akageuka haraka akanipa mgongo. Lakini salamu ni salamu. "Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo mama."

"Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo mama."

"Za tangu juzi?"

"Nzuri tu mama. Na nyumbani?"

"Kwema. Za kazi?"

"Kazi inaendelea mama."

Tukamaliza salamu. Mkwe haongei na mkwe hivi hivi, na mtu wa kupitishia maneno hapakuwa. Bi Zaina akaligeukia tanki la maji. Akaliuliza, kwa heshima kabisa: "Huyo mtu aliyeko dirishani, amekwama au anapumzika?"

Na mimi nikalijibu tanki: "Amekwama."

"Ana nguo?"

"Zimeanikwa. Ana kanga." Nikaisikiliza ile kanga kiunoni, huko ndani nisikokuona. Fundo lilikuwa linalegea. "Kwa sasa anayo."

Bi Zaina akavua kanga yake ya mabegani, akairusha nyuma bila kugeuka. Ikanitua kichwani. Kwa hiyo kuanzia hapo mengine yote niliyasikia tu, kwa sababu nilikuwa nimefunikwa kama kitumbua kwenye beseni.

Ndani nako kulikuwa kumewaka. "Kuna mtu bafuni! Mwizi!" Mlango ukagongwa, komeo likawa linatikisika. Bi Zaina, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akapaza: "Msifungue! Msifungue huo mlango! Ni mkwe wangu humo!"

Halafu nyumba nzima ikacheka. Wakatoka wote mbio, wakajaa nyuma ya nyumba. Mama Hidaya akainua ncha ya kanga, akachungulia. "Injinia? Ndiyo ulikuwa humo muda wote?"

"Shikamoo," nikasema.

Wakanivuta mikono. Wapi! Mtu akasema, "Dawa ni kuvunja ukuta." Na mafundi walikuwa wameacha nyundo ile kubwa pale kwenye mchanga. Nikasikia Mama Hidaya akiinyanyua na kuguna.

"Msivunje ukuta!" nikapiga kelele chini ya kanga. "Mama Hidaya, nakuomba kwa Mungu, usivunje!"

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoogopa kweli kweli. Ukuta ukivunjika, wote wanaona kwa macho yao: nyumba ya udongo imevunjwa na mama mmoja na nyundo. Ramani imekufa, kikundi kimekufa, Bi Zaina anarudi stendi. Usipovunjika, mimi nabaki pale mpaka magharibi na fundo la kanga linaachia. Nikafumba macho nikauombea ukuta. Ndiyo, ukuta! Sikujiombea mimi.

Mama Hidaya akapiga. Ukuta ukalia, mbavu zangu zikalia, vumbi likaniingia puani. Akapiga tena. Mama Hidaya amebeba majani ya mkonge ujana wake wote, mikono yake si ya mchezo.

"Vipi?" mtu akauliza.

"Mh! Umechubuka tu." Akatua nyundo, anahema. "Hili tofali ni la udongo kweli?"

Nilitaka kulia kwa furaha. Sikuweza, sina nafasi ya kujaza hewa.

Katikati ya hayo nikasikia bodaboda inasimama, na sauti ya mke wangu: "Kuna nini? Mbona mmejazana huku?" Halafu, "Mama, mbona umeligeukia tanki?" Halafu mfuniko wa sufuria ya pilau ukaanguka. Alikuwa ameziona nguo zangu kwenye kichanja, na chini ya kanga ya mama yake ameona mikono anayoifahamu.

"Baba Zuhura?"

"Abee," nikajibu. (Abee! Mwanaume mzima!)

Mke wangu hakuuliza zaidi. Akaagiza mafuta ya kula nyumba ya jirani, akaingiza mkono, akanipaka mbavuni mpaka nikawa nanukia maandazi. Akina mama wakavua kanga zao wakazishika kwa duara, kama ukuta wa nguo, wakageuza nyuso nje. Bi Zaina akaenda kusimama mbali, upande wa barabarani, mgongo kwetu. Wakahesabu, wakavuta. Nikatoka kwa mlio ambao sitauelezea. Ile kanga ya kiunoni ilibaki ndani kwenye fremu, ninyi jueni tu hivyo. Mke wangu akanizungushia nyingine kabla sijagusa chini, Mungu ambariki.

Nikavaa shati bichi na suruali mbichi. Nikaingia sebuleni kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu wote walikuwa wameuma midomo na mabega yanatikisika. Bi Zaina alikuwa amerudi kwenye kona yake, amenigeuzia bega.

Mama Hidaya akajikohoza. "Injinia, kabla hatujaamua, una neno?"

Maneno niliyokuwa nimeyaandaa ya ubaridi na maji ya mvua yalikuwa yamebaki dirishani. Nikamgeukia mke wangu, kwa utaratibu unaotakiwa. "Mama Zuhura, mwambie mama, nilimjibu vibaya. Mwambie mlango wa nyuma utakuwepo, na mtu anayetoka bafuni hatapita sebuleni. Ile baraza ya mbele yenye nguzo naiondoa, matofali yake yanatosha korido."

(Zile nguzo nilikuwa nazipenda kuliko kitu chochote kwenye ramani ile. Zimekwenda.)

Mke wangu akageuka, uso umekaza kama wa hakimu. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

Mama Hidaya akauliza wanaokubali. Mikono ikaanza kunyooka, mmoja, mwingine, kisha ikasimama. Wote wakawa wanamwangalia Bi Zaina. Mkono wake ulikuwa bado mapajani. Akamvuta binti yake, akamnong'oneza sikioni. Akanong'oneza muda mrefu. Maji ya suruali yalikuwa yananidondoka kwenye kiatu na nilikuwa nasikia kila tone. Nikamwangalia mke wangu usoni nisome kitu, nikaona anauma mdomo, macho yamejaa machozi. Nikajua basi. Imekwisha.

"Mama anasema," mke wangu akaanza, sauti inatetemeka, "nyumba ya kwake ndiyo ianze kujengwa."

Nikashika kiti.

"Na anasema dirisha la bafu uliongeze upana. Maana ameona mkwe wake anapenda kupita huko."

Sebule ikapasuka. Mama Hidaya alikaa chini kabisa, sakafuni. Na pale konani, bega la Bi Zaina lilikuwa linacheza juu chini, juu chini, na kanga ameibana mdomoni kwa mikono yote miwili.

Sasa naombeni sana, tena kwa heshima zote: mama mkwe wangu amenicheka kwa niaba ya wilaya nzima, ninyi wengine mnaweza kula pilau tu.